Karakana Ndani ya Kofia

Ajali haina kinga, watu husema. Msemo huo uacheni nje ya karakana. Nimefundisha ufundi wa mitambo mpaka mvi zikaniota, na kila niliposikia mtu akiutamka nilikuwa nimesimama karibu na damu, na kinga yenyewe ilikuwa imetundikwa ukutani kwenye msumari wake, safi kabisa, kwa sababu hakuna aliyeivaa.

Kwa hivyo nyinyi mnaoanza mwaka huu, tusipotezeane muda. Vua saa. Vua pete, hata ya ndoa. Mkeo ataelewa kuliko mashine. Nywele ndefu zifungwe. Shati liingie ndani ya ovaroli, na mtu asinicheke, nimeona aliyefanya kinyume. Na kwa kuwa tuko Nyeri na si pwani, nina neno la ziada kuhusu sweta, lakini hilo nitalifikia.

Leithi, kama hujaiona, ni mashine inayoshika kipande cha chuma kwa taya zake na kukizungusha, huku kisu kimesimama kando kikikichonga. Taya hukazwa kwa ufunguo mzito wenye umbo la herufi T. Ukishakaza, ng'oa ufunguo, uweke mahali pake. Ukiusahau hapo ukawasha, ufunguo utaruka, na hauagi wala haukwambii unaelekea wapi. Wengi wenu mtafikiri nyinyi hamwezi kusahau jambo dogo hivyo. Wote waliosahau walifikiri hivyo.

Mimi nilifunzwa na fundi Ndirangu, pale Karatina, kwenye karakana ya kutengeneza matrekta na mashine za kukoboa kahawa. Alikuwa mtu wa maneno machache. Siku yangu ya kwanza hakunihubiria habari za usalama. Alitoa karoti mfukoni, karoti ya sokoni bado ina udongo, akaiingiza polepole pale gia mbili zinapokutana. Karoti ilikwenda bila kelele. Kisha akanyoosha kidole chake mbele ya macho yangu, akakilinganisha na kipande cha karoti kilichobaki mkononi, akakifuta kile kipande kwa ovaroli na kukitafuna. Somo likaisha. Nilirudi nyumbani nikashindwa kula mboga.

Baadaye nikiwa nimeshakomaa kazini nilimuuliza kwa nini kila mwanafunzi humwonyesha karoti mara moja tu. "Mara ya pili atacheka," akasema. "Mara ya tatu ataniomba hiyo karoti."

Niliona ni mzaha wa mzee. Nilikuja kuuelewa miaka ya tisini ikielekea kwisha, wakati nasimamia karakana ya chuo kimoja cha ufundi hapa Nyeri, si mbali na uwanja wa Ruring'u. Jina la chuo nalihifadhi. Wanafunzi walikuwa wengi, leithi nzima zilikuwa chache, na moja kati yazo ilikuwa inawaka inapojisikia. Ndipo alipotujia Dakta Moraa, mama wa Kisii aliyekuwa akifundisha uhandisi katika chuo kikuu cha ng'ambo. Alikuwa anatafiti kama mwanafunzi anaweza kujifunza hatari za karakana kabla hajakanyaga karakana. Alishuka kwenye pikapu na maboksi, kompyuta kubwa kama kabati ya vyombo, na kofia.

Kofia hiyo ilikuwa nzito, imefunika macho, na ndani yake mlikuwa na vioo viwili vidogo vya picha. Ukigeuza kichwa, picha nayo inageuka, ila inachelewa kidogo, kama mtu mvivu aliyeitwa. Siku hizi mnaiita uhalisia pepe na mnaivaa kucheza. Sisi tuliiita kofia tu. Ukiivaa unajikuta umesimama katika karakana safi kuliko hospitali, mbele yako leithi ya kijani isiyo na tone la grisi. Mkononi unashika kirungu chenye kitufe, na humo ndani unaona mkono unaoelea hewani, umeishia kwenye kifundo. Ukibonyeza kitufe mkono unafumba; ukiachilia, unafumbua. Sisi tulio nje tuliona kila kitu kwenye kioo cha kompyuta.

Ukikosea, kila kitu kiligeuka chekundu, sauti ya kike ikakuambia kwa Kiingereza kwamba umeumia, kisha ukapewa mkono mwingine ukaanza upya.

Sikuipenda wala sikuichukia. Ilipunguza foleni kwenye leithi, na vijana walijua majina ya sehemu zote za mashine haraka kuliko nilivyowahi kuwafundisha kwa ubao. Dakta Moraa mwenyewe hakuwa na maringo. Alikula githeri ya mahindi na maharagwe nasi jikoni na kuomba aongezewe. Tulijifunza pia mambo yasiyokuwa kwenye utafiti wake. Kofia huvaliwa kabla ya githeri, si baada. Kijana mmoja alitufunza hilo kwa kutapika sakafuni, na fagio tukampa yeye. Tena stima ikipotea, na huku kwetu ilipotea wakati wowote ilipotaka, aliye ndani ya kofia hubaki gizani asijue kilichotokea. Mmoja alisimama kimya muda mrefu, halafu akauliza kwa sauti ndogo, "Mwalimu, ati nimekufa?"

Nadhani hapo ndipo mchezo ulipopata jina. Vijana waliuita kufa. Mmoja anaingiza mkono kwenye taya makusudi, mwingine anawasha na ufunguo ungali umechomekwa ili aone utakavyoruka, na wengine wamejazana kwenye kioo wanashangilia. Dakta Moraa aliona ni vizuri, kwamba wanajionea matokeo ya kosa bila kuumia. Mimi niliona kicheko kimezidi. Lakini hoja yangu yote ilikuwa ni karoti, na huwezi kumpelekea daktari wa uhandisi karoti ukamwambia huu ndio ushahidi.

Sasa sweta. Mwezi wa Julai ukungu hushuka kutoka mlimani na hauna haraka ya kuondoka. Vijana wangu walikuja kwenye leithi ya kweli wamevaa sweta za kufumwa na mama zao, mikono mirefu imevutwa hadi kwenye vidole kwa sababu ya baridi. Mkono wa kwenye kofia ulianzia kifundoni. Haukuwa na nguo. Kwa hivyo walijua kulinda vidole, lakini habari ya uzi wa sufu kunaswa na chuma kinachozunguka haikuwa imewaingia kabisa. Nikawaamuru wakunje sweta hadi kiwiko. Wakanuna.

"Mwalimu, kwa kofia hakuna sweta," akasema Maina, kijana mwerevu aliyekuwa bingwa wa kufa.

"Kwa kofia hakuna baridi pia," nikamjibu. "Kunja."

Dakta Moraa alipoona hivyo alisema waliotengeneza karakana ile ya ndani hufanya kazi penye joto mwaka mzima, wala hawakuwa na namna ya kutujua. Tulicheka kidogo tukaendelea.

Ni Maina huyo huyo aliyesahau ufunguo. Alikuwa kwenye leithi ya chuma, ile nzuri, anajitayarisha kwa mtihani. Akakaza taya, akageuka kumwambia mwenzake jambo, akawasha. Ufunguo uliruka ukapiga dirisha, na kioo kikamwangukia kijana aliyekuwa anapiga msasa chini ya dirisha hilo. Alipasuka juu ya nyusi. Tulimfunga kwa kitambaa safi tukamkimbiza hospitali akashonwa, na jicho halikuguswa, tunashukuru Mungu. Niliporudi nilimkuta Maina bado amesimama mbele ya mashine iliyozimwa. Nilikuwa nimejiandaa kumfokea. Akaniambia, "Mwalimu, nilikuwa nangoja iwe nyekundu." Fokeo langu likaishia hapo.

Habari mbaya hailipi nauli. Ilifika Kutus kabla ya wiki kuisha, na njiani ilikuwa imekua: nyusi ilikuwa imegeuka jicho, na jicho limegeuka kichwa. Huko Kutus aliishi Mzee Muchira, mwenye mashine ya kusaga unga, na binti yake Wawira ndiye aliyekuwa msichana pekee katika darasa langu la mitambo. Asubuhi moja mzee akasimama kwenye mlango wa karakana na koti lake refu.

Fundi mwenye grisi mkononi hasalimii kwa kiganja; anakupa kifundo cha mkono, nawe unakishika, mambo yanakwisha. Mzee Muchira alinipa kifundo, ngumi imeingia ndani ya mkono wa koti. Nilikishika bila kufikiri lolote. Nilidhani ametoka kutengeneza gari.

"Mwalimu, habari ya kazi," akasema. "Nimekuja kuchukua msichana yangu."

Nilimwita Wawira. Alikuja na ovaroli yake, akamwamkua babake, na nikaona ameshajua kilichomleta.

"Baba, kesho niko na mtihani ya leithi," akasema. "Nikikosa hiyo, sitapata cheti."

"Uliniambia hii kozi ni ya kompyuta."

"Ni ya kompyuta kwanza."

"Na halafu?"

Mzee akautoa mkono wake wa kulia ndani ya koti na kuuweka juu ya meza yangu, katikati ya vyuma. Ulikuwa na kidole gumba na cha shahada. Vile vingine vitatu havikuwapo.

"Hii ni mkanda ya mashine ya kusaga," akaniambia. "Mashine yangu mwenyewe. Najua kila nati iko ndani. Sasa niambie, mwalimu, kwa nini nikuachie huyu."

Wawira aliangalia ukuta. Niliogopa, nawaambia wazi. Huyo msichana ndiye aliyekuwa mwanafunzi wangu bora, mwangalifu kuliko wavulana wote, na nilitaka abaki. Lakini dirisha lilikuwa bado limezibwa na kadibodi nyuma yangu.

Dakta Moraa alikuwa amesikia kutoka chumba cha pili. Akaja, akamsalimu mzee kwa adabu, akamshika kifundo kama nilivyofanya. "Mzee, kabla hujamchukua, njoo kwanza uone anavyofunzwa," akasema. "Ukishaona, uamuzi ni wako. Hatutabishana nawe."

Mzee alikubali. Nafikiri alikubali kwa heshima tu, kama unavyokubali chai mahali ulipokuja kugombana. Tulimkalisha, tukamvua kofia yake ya kawaida, tukamvalisha ile nyingine. Dakta Moraa akamwekea kirungu mkononi, na kwa gumba na shahada akakishika sawasawa. Alishazoea. Kompyuta ikawashwa.

Kwenye kioo ukatokea mkono, na ulikuwa na vidole vitano.

Wala hatukuwa tumelifikiria hilo, mimi wala Dakta. Ule mkono ulichorwa kwa watu wote, haukuuliza nani kaushika. Dakta Moraa alifunika mdomo. Mzee akaugeuza upande huu, akaugeuza upande ule.

"Vidole viko," akasema polepole.

Akauliza mashine iko wapi, nikamwelekeza ageuke kushoto. Leithi ya kijani ilikuwa inazunguka. Akausogeza mkono kuelekea kwenye taya, na huku nje mwili wake wote ulikuwa unarudi nyuma ya kiti, bega linatetemeka mpaka picha nayo ikatetemeka. Kioo kikawa chekundu. Sauti ya Kiingereza ikasema yake. Mkono mpya ukaja, vidole vitano.

Akaupeleka tena. Safari hii bega lilitulia zaidi. Nyekundu. Mkono mpya.

Mara ya tatu aliutia moja kwa moja, kama mtu anayesukuma kuni jikoni. Halafu akaivua kofia mwenyewe, akaiweka magotini.

"Mwalimu, umeona?"

"Nimeona, mzee."

"Mara ya kwanza nilitetemeka. Hii ya mwisho sikutetemeka. Na mimi ni mtu alikatwa." Akamgeukia Dakta Moraa, bila ukali. "Mama, kama hii kitu imenisahaulisha mimi, hawa watoto watakumbuka nini?"

Dakta Moraa alivuta kiti akakaa. Mazoea yana taabu, wahenga walisema, na huo ni msemo ninaoweza kuukaribisha karakana wakati wowote.

Kisha mzee akamtazama binti yake. "Na wewe? Umeiweka mkono humo mara ngapi?"

"Sijaiweka."

"Usinidanganye, Wawira."

"Sijaiweka, baba. Hawa wanaume wamenicheka, ati niko na woga. Lakini sijaiweka hata siku moja."

Ilikuwa kweli, nami nikamwambia mzee hivyo. Zamu ya Wawira ilipofika, wavulana walikuwa wanaondoka kwenye kioo mmoja mmoja, kwa sababu hapakuwa na cha kushangilia. Alikuwa anakaza, anang'oa ufunguo, anarudi hatua nyuma, anawasha. Kila mara. Nilidhani ni tabia yake tu ya kufuata sheria.

"Kwa nini hukuiweka?" babake akauliza. "Haiumi."

Wawira aliacha kuangalia ukuta. Akautazama mkono wa babake uliokuwa juu ya ile kofia.

"Nikivaa hiyo," akasema, "mimi naona yako."

Mzee alifunga vifungo vya koti lake, kimoja kimoja, kwa vile vidole viwili. Hakuharakisha, na sisi hatukujua tuangalie wapi.

"Mtihani ni saa ngapi kesho?"

"Saa tatu."

"Asubuhi ule vizuri," akamwambia. "Mtu wa njaa hufanya haraka. Mimi hiyo siku sikuwa nimekula."

Wawira alikula, akafanya mtihani, akapita, na leo anafundisha kazi hii vizuri kuliko nilivyoifundisha. Kofia nayo hatukuitupa. Watu hupenda nikisimulia waambiwe kwamba tuliitupa, lakini kosa halikuwa la kofia. Kosa lilikuwa ni ule mkono mpya. Dakta Moraa hakuweza kuibadilisha programu akiwa huku, kwa hivyo alitunga sheria yake: aliyekatwa ndani ya kofia alitia mkono huo mfukoni, na hakuutoa mpaka jioni. Aliandika kwa mkono mwingine, alikula githeri kwa mkono mwingine, alifunga kamba za viatu kama angeweza. Maina alijaribu kufa chini ya sheria hiyo. Alipofika kwenye kufua ovaroli yake, mchezo ulikuwa umekwisha chuo kizima. Nyinyi mtakaovaa kofia nyepesi zaidi, zenye picha nzuri zaidi, iombeni sheria hiyo kwa walimu wenu. Wasipowapa, jiwekeeni wenyewe.

Lakini siku ile mzee hakuondoka mara moja. Alifika mlangoni, akasimama, akarudi.

"Mwalimu, naomba hiyo kofia tena. Kidogo tu. Leithi ya huko ndani usiwashe."

Dakta Moraa alimvalisha. Mzee hakusogea. Alisimama katikati ya karakana ile safi, akauinua mkono mbele ya macho yake, akabonyeza kitufe, akaachilia. Vidole vitano vikafumba, vikafumbua. Akabonyeza tena. Wawira alikuwa amesimama karibu nami, anatazama kwenye kioo. Alikuwa mtoto wa mgongoni babake alipokatwa, na mkono huo ukiwa mzima hakuwahi kuuona. Kengele ya chakula ililia, wanafunzi wakapita mlangoni na sahani zao, na sisi hatukumwambia mzee atoe kofia.